SOMO LA WANACHAMA: FOLDA ISIYOONEKANA SI FOLDA ILIYOPOTEA

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila khabari. Zamani daftari la shamba lilikuwa buku moja lililofungiwa kabatini, na ufunguo wake ukakaa mfukoni mwa mzee. Siku hizi wanachama wetu wengi huweka hesabu zao katika kompyuta: pishi alizochuma kila mchumaji, ujira aliolipwa, kilo zilizokauka na kupelekwa kituoni, stakabadhi za mauzo, na picha za hati za mashamba. Na kwa kuwa nyumba moja yaweza kuwa na kompyuta mbili au tatu, folda ya hesabu huwekwa katika kompyuta moja, na watu wa nyumba wakaifungua kutoka nyengine kwa njia ya mtandao wa nyumbani. Jambo hili ni jema, kwani hesabu hubaki moja, wala hayatokei madaftari matatu yanayopingana wakati wa kugawana.

Lakini shida moja huletwa ofisini kwetu mara kwa mara: jana folda ilionekana, leo haionekani. Mwanachama mmoja alikwisha anza kuandika upya hesabu za misimu miwili kutoka vikaratasi vya mizani, akidhani folda imefutwa. Kumbe ilikuwa mahali pake, haikuguswa na mtu. Mwengine alishauriwa na fundi aondoe ulinzi wote wa kompyuta ili folda ionekane. Ikaonekana kweli, lakini ikawa wazi pia kwa kila aliyepewa neno la siri la waifai ya nyumba ile, na waliopewa walikuwa wengi. Wa kwanza alipoteza siku zake, na wa pili aliiweka amana ya watu mahali pa hatari. Kwa ajili ya mambo haya mawili tumeona inafaa kuandika somo hili. Maelezo yetu ni ya kompyuta za Windows 10 na Windows 11, kwani ndizo tunazoziona zaidi kwa wanachama.

ORODHA NI KITU KIMOJA, MLANGO NI KITU CHENGINE

Ukifungua dirisha la mafaili na kubonya neno "Network", kompyuta hukuonesha orodha ya kompyuta nyengine zilizomo mtandaoni. Wengi huidhani orodha hii kuwa ndiyo mtandao wenyewe. Sivyo. Orodha ni khabari tu ya waliojitangaza. Mtu asiyejitangaza hatajwi, lakini nyumba yake ipo, na mlango wake waweza kubishwa hodi.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kujua lilikotoka. Utaratibu ambao Windows huutumia kwa kupeana mafaili huitwa SMB, na asili yake ni kazi ya Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mpango wa zamani kompyuta za mtandao mmoja zilichagua moja miongoni mwao iwe mshika orodha, mfano wa sheha anayejua nyumba zote za shehia yake. Nyengine zote zikapeleka majina yao kwake, na zikishatulia zikayarudia kila baada ya dakika 12. Mshika orodha alipozimwa, orodha ilivurugika mpaka achaguliwe mwengine. Ndiyo maana wenye kompyuta za miaka ile watakumbuka majina yaliyotokea na kutoweka bila sababu ya kuonekana.

Mwaka 2017 lilitoka toleo la Windows 10 liitwalo 1709. Tangu toleo hilo, SMB ya kwanza haiwekwi tena katika kompyuta mpya, na mshika orodha aliyeitegemea akaondoka nayo. Sasa hapana sheha. Kila kompyuta hunadi jina lake yenyewe, na inayotafuta husikiliza. Ikiwa mnadi amelala, au msikilizaji ameziba masikio, jina halitaonekana, hata kama kila kitu chengine ni kizima. Halafu mwaka 2018, katika toleo 1803, ukaondolewa pia ule mpango wa HomeGroup uliokuwa na neno moja la siri kwa nyumba nzima. Kwa hiyo anayeutafuta asijisumbue, haupo tena.

Basi kanuni yetu ni hii: usianze kwa kutazama orodha. Uliza maswali matatu kwa mpango wake. Je, njia ipo? Je, mlango waitika ukiitwa? Je, mwenye kubisha ana idhini ya kuingia? Orodha tutaitazama mwisho, kwani ndiyo yenye madhara madogo kuliko yote.

KWANZA: NJIA

Tuite kompyuta yenye folda "mwenyeji", na ile inayotafuta tuiite "mgeni".

Mwenye shida na atazame kwanza kama mwenyeji yu macho. Kompyuta nyingi, khasa za kubebeka, hulala zenyewe baada ya dakika chache au zikifungwa kifuniko, na kompyuta iliyolala haimpi mtu faili. Hili ni jambo dogo, lakini tumeliona likiwasumbua watu nusu siku. Tiba yake ni kubadilisha mpango wa umeme wa mwenyeji, isilale wakati imeunganishwa na umeme.

Pili atazame kama mwenyeji na mgeni wamo katika mtandao mmoja. Mtu aweza kusema, "Zote zina intaneti," lakini hilo si ushahidi. Pengine mgeni ameshika intaneti ya simu ya mkononi, na mwenyeji yuko katika ruta ya nyumba. Pengine mgeni ameunganishwa na ile waifai ya wageni ambayo ruta nyingi huitoa. Waifai hiyo kwa kawaida humpa mtu intaneti, lakini humzuia asizifikie kompyuta za nyumba, na ndiyo kazi yake. Na pengine nyumba imeongezwa ruta ya pili ili waifai ifike banda la uani au ghalani, na ruta ile ya pili ikaanzisha mtandao wake mbali.

Njia ya kujua ni nambari. Katika kila kompyuta fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha utazame mstari ulioandikwa IPv4. Katika mitandao ya nyumbani mafungu matatu ya mwanzo ya nambari huwa sawa kwa kompyuta zote. Mwenyeji akiwa 192.168.1.20 na mgeni akiwa 192.168.1.35, basi ni wa mtaa mmoja. Lakini mmoja akiwa 192.168.1.20 na mwengine 192.168.0.14, huenda kuna ruta mbili zinazowatenga. Hapo ruta ya pili ipangwe upya iwe kipitishio tu, isigawe nambari zake. Na ukiona nambari inayoanza kwa 169.254, ujue kompyuta hiyo haikupata nambari kutoka kwa ruta hata kidogo. Itazamwe waya au waifai yake kabla ya jambo jengine lolote.

PILI: KUITA KWA JINA NA KWA NAMBARI

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na mwanachama akisahau mengine yote asisahau hili. Katika kompyuta ya mgeni, bonya kidude chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kidirisha kidogo. Andika mikwaju miwili inayolalia nyuma, kisha jina la mwenyeji, mfano \\GHALA, halafu bonya kidude cha kuingiza. Mikwaju iwe ya kulalia nyuma kama ilivyoandikwa hapa; ile inayolalia mbele haifai. Kisha fanya tena kwa nambari, mfano \\192.168.1.20. Yaweza kutokea moja katika mambo manne.

La kwanza, jina linafungua folda. Basi hapana ugonjwa mkubwa. Orodha peke yake ndiyo mbovu. Bonya folda kwa upande wa kulia, uipe herufi yake kama kwamba ni diski ya mgeni, na kazi iendelee.

La pili, nambari inafungua lakini jina halifungui. Njia ni nzima na mlango ni mzima. Kinachokosekana ni kulitambua jina. Waweza kutumia nambari, lakini kumbuka kuwa ruta huweza kumpa mwenyeji nambari nyengine siku ya pili. Kwa hiyo ruta iamrishwe imwekee mwenyeji nambari moja isiyobadilika. Ruta nyingi zina mahali pa kufanya hivyo.

La tatu, unaulizwa jina na neno la siri, au unaambiwa huna ruhusa. Hii ni khabari njema, ijapokuwa haionekani hivyo. Maana yake umefika mlangoni, na aliyeko ndani amekusikia. Ruka uende katika fungu la nne.

La nne, unaambiwa kuwa njia haikuonekana, na pengine huandikwa nambari ya kosa 0x80070035. Ikiwa fungu la kwanza umelitazama vizuri na lote ni sawa, basi yuko anayekuzuia njiani. Huyo tutamweleza sasa.

TATU: BAWABU

Kila kompyuta ya Windows ina ulinzi wa kuzuia wanaobisha kutoka nje. Sisi tutauita bawabu. Bawabu huyu ana hali mbili. Katika mtandao ulioandikwa "Public", yaani wa watu wote, huwazuia wanaobisha kwa ajili ya mafaili, na kompyuta hainadi jina lake. Katika mtandao ulioandikwa "Private", yaani wa faragha, huruhusu jina linadiwe na folda zifikiwe kwa idhini.

Windows 11 huuhesabu mtandao mpya kuwa ni wa watu wote mpaka mwenyewe aseme vyengine. Na mtandao huitwa mpya hata ikiwa kilichobadilishwa ni ruta tu. Hii ndiyo sababu mojawapo kubwa ya ile kauli ya "jana ilionekana, leo haionekani": ruta ya zamani imeharibika, ikaletwa mpya, na kompyuta ikawa kama iliyohamia mtaa wa watu isiowajua.

Tiba ni kuingia katika mipangilio ya mtandao, kubonya jina la waifai au la waya, na kuchagua "Private". Lifanywe kwa mwenyeji khasa, na kwa mgeni pia. Kisha katika mipangilio ya kushiriki itazamwe kuwa kugunduana na kushiriki mafaili vimewashwa kwa mtandao wa faragha. Lakini tunawausia wanachama: hali hii ni ya nyumbani tu. Ukiichukua kompyuta botini, hotelini au mkahawani, mtandao wa huko uachwe katika hali ya watu wote.

Ikiwa bado njia haionekani, tazama kama kompyuta ina programu ya kuzuia virusi iliyonunuliwa mbali, kwani baadhi yake huleta bawabu wao, naye hasikilizi mipangilio ya Windows. Aamrishwe kuwa mtandao wa nyumba ni wa kuaminiwa. Tazama pia kama mgeni anatumia VPN, kwani huweza kuipeleka safari yote nje ya nyumba. Izime kwa muda ujaribu tena. Wala usimfukuze bawabu kabisa. Mtu mwenye karafuu ukumbini hafukuzi mlinzi kwa sababu alimzuia mjomba. Humwambia kuwa huyu ni mjomba.

NNE: IDHINI

Wanachama wengi hukwama hapa kwa sababu ya zile tarakimu chache wanazofungulia kompyuta kila asubuhi. Tarakimu hizo, ziitwazo PIN, ni za kompyuta ile peke yake. Hazikubaliwi mtandaoni. Neno linalotakiwa ni neno la siri la mtu aliyeandikishwa katika kompyuta ya mwenyeji. Na kama mtu huyo hakuwekewa neno la siri kabisa, Windows kwa kawaida itamkataa akija kwa mtandao, hata kama akiwa mbele ya kompyuta huingia bila kuulizwa.

Njia nyepesi tunayoipendekeza ni kumwandikisha katika mwenyeji mtumiaji mmoja wa hapo hapo, asiyetegemea akaunti ya intaneti, mfano kwa jina la "hesabu", na kumpa neno la siri zuri. Kisha bonya folda kwa upande wa kulia, ingia katika sifa zake, na chini ya neno "Sharing" bonya "Share" umwongeze mtumiaji huyo. Mgeni akiulizwa jina, aandike jina la mwenyeji, mkwaju mmoja wa kulalia nyuma, na jina la mtumiaji: GHALA\hesabu.

Yafaa pia kujua kuwa folda ina idhini mbili, moja ya mtandao na moja ya diski yenyewe, ile iliyo chini ya neno "Security". Ajae kwa mtandao hupitia zote mbili, na yenye kubana zaidi ndiyo inayoshinda. Ukimpa mtu uwezo wa kuandika katika ya mtandao, lakini ya diski ikasema asome tu, atasoma tu. Wengi huona folda lakini hawawezi kuingiza hesabu kwa sababu hii. Kidude cha "Share" tulichokitaja hupanga zote mbili kwa pamoja, na ndiyo sababu ya kukipendekeza.

Ikiwa neno la siri limebadilishwa na mgeni bado anakataliwa, tazama mahali ambapo Windows huhifadhi maneno ya siri, "Credential Manager", ulifute lile la zamani. Kompyuta huendelea kulitoa lile ililolikariri bila kukuuliza.

TANO: SASA ORODHA

Yote hayo yakiwa mazima na folda inafunguka kwa jina, lakini bado unataka kuiona katika orodha, basi mwamshe mnadi. Katika mwenyeji fungua orodha ya huduma za Windows, utafute ile iitwayo "Function Discovery Resource Publication", uipange ianze yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Hiyo ndiyo inayonadi jina. Katika mgeni tazama kuwa "Function Discovery Provider Host" inafanya kazi. Hiyo ndiyo masikio. Subiri kidogo, kisha fungua orodha upya.

Mwenye kuweka mafaili yake katika sanduku la diski la mtandao, au kompyuta ya Linux, ajue kuwa vifaa hivyo kwa kawaida hutumia programu ya Samba, aliyoianza Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992. Samba yenyewe hainadi jina kwa njia mpya ya Windows mpaka iongezewe msaidizi. Kwa hiyo kifaa hicho chaweza kukosekana katika orodha maisha yake yote, na bado kikafunguka kila kikiitwa.

MLANGO WA ZAMANI USIFUNGULIWE

Sasa tunafika katika jambo lililotutia khofu zaidi. Yuko atakayekwambia, "Irudishe SMB ya kwanza, utaona kila kitu." Pengine ni kweli utaona. Lakini tarehe 12 Mei, 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani kwa kupitia kasoro ya SMB hiyo ya kwanza. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe, na miongoni mwa waliodhurika ni hospitali nyingi za Uingereza. Microsoft ilikuwa imekwisha toa dawa ya kasoro hiyo mwezi Machi mwaka ule ule, lakini wengi hawakuiweka. Utaratibu ule ni wa zamani na hauna kinga za siku hizi, na waliouondoa walikuwa na sababu.

Ikiwa kifaa chako hakijui ila SMB ya kwanza, tafuta kama kina programu mpya ya mtengenezaji. Kama haina, ni afadhali kuhamisha mafaili na kukistaafisha kifaa hicho. Vile vile, tangu toleo 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 ya namna ya Pro haikubali kuingia kama mgeni asiye na neno la siri. Mwenye sanduku la zamani lililokuwa wazi kwa wote aliwekee jina na neno la siri, wala asiilazimishe Windows irudi nyuma.

FOLDA ILIYOSHIRIKIWA SI NAKALA

Jambo la mwisho. Faili likifutwa kwa njia ya mtandao, kwa kawaida haliingii katika pipa la taka. Linakwenda moja kwa moja. Kijana akikosea kidude kimoja, hesabu ya msimu mzima yaweza kuondoka. Kwa hiyo anayehitaji kusoma tu apewe kusoma tu. Na kila mwisho wa wiki wakati wa mavuno, folda inakiliwe katika diski ya nje, kisha diski ichomolewe na kuwekwa mahali pengine. Mchumaji aliyefanya kazi juani hana ushahidi wa pishi zake ila maandishi yetu, na mrithi hana hesabu ya shamba ila tuliyomwekea.

MUHTASARI WA KUBANDIKA KARIBU NA KOMPYUTA

1. Mwenyeji yu macho?
2. Nambari za mwenyeji na mgeni ni za mtandao mmoja?
3. Folda yafunguka kwa jina? Kwa nambari?
4. Mtandao umeandikwa "Private" pande zote mbili?
5. Neno la siri ni la mtumiaji wa mwenyeji, wala si PIN?
6. Idhini ya mtandao na ya diski zinakubaliana?
7. Mnadi na masikio vinafanya kazi?
8. Nakala ya wiki hii ipo?

Mwanachama atakayekwama na aje ofisini siku za kazi, naye aje na majawabu ya maswali haya yameandikwa, pamoja na maneno ya kosa kama yalivyotokea katika skrini. Neno lake la siri aliache nyumbani. Hatulihitaji, wala asimpe mtu.

Katibu wa Chama